Maswali ya wasomaji: swichi za mtandao, aina zake na kazi zake

Barua kadhaa zilizotufikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: swichi za Etheneti, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa kebo, ni za aina zipi, na mnunuzi atajuaje ipi inamfaa. Tumechagua barua tano na kuijibu kila moja kwa kufuata kazi iliyoelezwa ndani yake, kwa kuwa aina ya swichi haiamuliwi vizuri kabla ya kujua ni nini kitakachopita ndani yake na nani atakayeitunza.

SWALI: Ndugu Mhandisi, ninafundisha kompyuta katika shule ya sekondari hapa Tabora. Maabara yetu ina kompyuta 40 na seva moja yenye maktaba ya masomo, ambayo wanafunzi huisoma bila kutumia intaneti. Kompyuta zimeunganishwa kwa swichi ndogo za poti (matundu ya kebo) 8, moja imechomekwa kwenye nyingine, na katikati ipo habu ya zamani tuliyopewa kama msaada. Darasa zima likifungua video, kila kitu kinakwama. Muuzaji ametushauri tununue swichi yenye usimamizi kwa sababu ina kasi zaidi. Je, ni kweli? (Mwalimu, Tabora)

JIBU: Mwalimu, muuzaji huyo amechanganya mambo mawili. Usimamizi ni uwezo wa kuingia ndani ya swichi na kuipangia la kufanya. Kasi ya poti ni jambo jingine kabisa, na swichi ya bei nafuu isiyo na usimamizi wowote inaweza kuwa na kasi ileile ya poti kama ya swichi inayouzwa mara tano ya bei yake.

Inayowaumiza zaidi ni hiyo habu. Habu hupokea mawimbi ya umeme kwenye poti moja na kuyarudia kwenye poti zote nyingine, mithili ya mpiga mbiu ambaye hawezi kumfikishia mtu mmoja ujumbe bila kijiji kizima kusikia. Kompyuta mbili zikituma data kwa wakati mmoja, data hizo hugongana, na kila kompyuta hulazimika kungoja kidogo kisha kurudia. Hivyo ndivyo Etheneti ilivyofanya kazi tangu Robert Metcalfe na David Boggs walipoanza kuibuni katika maabara ya Xerox huko California mwaka 1973, wakati kompyuta zote zilipogawana kebo moja. Swichi ya kwanza ya Etheneti kuingia sokoni ilitolewa na kampuni ya Kalpana mwaka 1990, nayo ilikuwa na poti 7 tu.

Swichi hufanya kazi kwa kukumbuka. Kila kifaa cha Etheneti kina anwani ya MAC yenye biti 48, na kila fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, hubeba anwani ya anayetuma na ya anayetumiwa. Swichi husoma anwani ya mtumaji, huandika katika jedwali lake kuwa anwani hiyo iko poti fulani, na fremu inayokwenda kwa anwani hiyo ikifika, huitoa kwenye poti ile moja tu. Anwani isipokuwemo kwenye jedwali, fremu hutolewa kwenye poti zote isipokuwa ile iliyoingilia, na mara mhusika anapojibu, anwani yake nayo huandikwa. Kifaa kikinyamaza kwa muda, ambao katika swichi nyingi ni dakika 5, anwani yake hufutwa. Matokeo yake ni kwamba kompyuta zenu nyingi zinaweza kuzungumza kwa wakati mmoja, kila moja ikituma na kupokea bila kumgonga mwenzake.

Sasa tuje kwenye hesabu. Poti ya seva ikiwa ni ya megabiti 100 kwa sekunde, wanafunzi 40 wakiisoma pamoja kila mmoja hupata megabiti 2.5, kiasi ambacho video iliyo wazi hukimaliza chote. Poti hiyo ikiwa ya gigabiti moja, kila mwanafunzi hupata megabiti 25. Kwa hiyo tunashauri mwondoe habu na huo mnyororo wa swichi ndogo, mnunue swichi mbili za poti 24 ambazo poti zake zote ni za gigabiti, kisha mziunganishe kwa kebo moja. Mtabaki na poti 46, zinazotosha kompyuta 40, seva na ruta. Tunapendelea mbili za poti 24 kuliko moja ya 48, kwa sababu moja ikiharibika katikati ya muhula, nusu ya darasa itaendelea kusoma. Someni maandishi ya kwenye boksi kabla ya kulipa: 10/100/1000 ni gigabiti, na 10/100 peke yake ni ile kasi ndogo. Mhakikishe pia kwamba kadi ya mtandao ya seva yenyewe ni ya gigabiti, la sivyo fedha yote itakuwa imepotea.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo lingetufanya tumuunge mkono muuzaji wenu. Wanafunzi huchomeka kebo wanavyotaka, na siku moja mmoja atachomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile. Fremu inayotumwa kwa wote itaanza kuzunguka bila mwisho na kujizidisha, na mtandao mzima utazimika katika sekunde chache. Dalili yake huonekana kwa macho: taa za poti zote humetameta kwa pamoja na kwa haraka bila kupumzika, hata wakati hakuna anayetumia kompyuta. Radia Perlman, alipokuwa mhandisi katika kampuni ya Digital, alibuni mwaka 1985 njia ya swichi kujadiliana na kuifunga poti inayoleta mzunguko, na njia hiyo imo katika karibu kila swichi yenye usimamizi. Swichi zisizo na usimamizi kwa kawaida hazina njia hiyo, ingawa baadhi zimewekewa kinga rahisi ya kugundua mzunguko. Kwa maabara ya shule, tafuteni yenye kinga hiyo hata kama bei itapanda kidogo.

Swichi mpya haitaongeza kasi ya intaneti mnayolipia. Itaongeza kasi ya kuifikia seva iliyomo chumbani, nayo kwa darasa lenu ndiyo yenye maana zaidi.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi, Morogoro. Nimefunga kamera 14 katika ghala la mazao kwa swichi ya PoE yenye poti 16. Mchana zote zinaonyesha vizuri. Ikifika saa moja usiku, kamera nne za mwisho zinazimika, zinawaka, kisha zinazimika tena. Nimebadilisha kamera mbili na tatizo halikuisha. Swichi imeandikwa wati 120, na kamera imeandikwa wati 11 kwa juu. Mwenye ghala ameanza kukosa imani nami. (Fundi, Morogoro)

JIBU: Marahaba, fundi. Kamera zako ni nzima, na jibu la tatizo lako limo katika namba mbili ulizoziandika mwenyewe.

Swichi ya PoE hupeleka umeme na data katika kebo moja. Idadi ya poti zake ni jambo moja, na jumla ya umeme inaoweza kuutoa ni jambo jingine, na watengenezaji wengi huweka poti nyingi kuliko zinazoweza kulishwa zote kwa wakati mmoja. Mchana kamera ya namna hiyo hutumia umeme mdogo. Tuseme wati 6, na 14 zitatumia wati 84, zilizo ndani ya 120. Giza likiingia, taa za miale isiyoonekana zilizouzunguka lenzi huwaka ili kamera ione usiku, na matumizi hupanda kuelekea wati 11. Kamera 14 sasa zinataka wati 154. Swichi huanza kuzima poti ili ijilinde, na katika swichi nyingi poti zenye namba kubwa ndizo zenye kipaumbele cha chini, ndiyo maana zinazoathirika ni zile za mwisho. Kamera zikizimika mzigo hupungua, swichi huziwasha tena, taa zao huwaka, mzigo hupanda, na mchezo huanza upya. Wati 120 zinatosha kamera 10 za aina hiyo usiku.

Kuna njia mbili za kulimaliza jambo hili: ama uhamishie kamera tano au sita kwenye swichi ndogo ya pili ya PoE, ama ununue swichi yenye wati zisizopungua 180, ili ibaki nafasi ya ziada juu ya zile 154. Ukichagua ya pili, uliza swali moja zaidi. Baadhi ya swichi huhesabu umeme unaotumika kwa kweli, na nyingine hutenga kiasi cha juu cha umeme kinachoruhusiwa kwa daraja la kifaa mara kinapochomekwa. Kwa kiwango cha kiufundi cha PoE kiitwacho 802.3af, cha mwaka 2003, poti hutoa hadi wati 15.4, na kifaa kilicho mwisho wa kebo huhakikishiwa 12.95 kwa kuwa kiasi fulani hupotea njiani. Swichi ya wati 120 inayotenga wati 15.4 kwa kila poti hujaa kwa kamera 7 tu, hata kama kamera zenyewe zinatumia nusu ya hapo. Kiwango cha 802.3at cha mwaka 2009 kilifikisha wati 30 kwa poti, na 802.3bt cha mwaka 2018 kikafikisha wati 90. Hivyo ni vya kamera zinazogeuka zenyewe na vifaa vikubwa vya Wi-Fi, na ghala lako halivihitaji.

Kwa kuwa unafanya kazi hii kila siku, tunakuongezea mambo matatu ya kuangalia. Kwenye uso wa swichi nyingi za kamera kuna kitufe kidogo cha kusukuma kinachoruhusu kebo ifike mita 250 badala ya mita 100 za kawaida, lakini kwa gharama ya kushusha kasi ya poti hadi megabiti 10; kikisukumwa kwa bahati mbaya, picha za kamera nzito hukatika, na fundi anaweza kuhangaika juma zima akitafuta sababu. Pili, zipo swichi zinazosukuma umeme, mara nyingi volti 24, bila kwanza kuuliza kifaa kilichochomekwa kinahitaji nini, na hizo zinaweza kuunguza kifaa kisichotengenezwa kwa ajili yake. Nunua zilizoandikwa waziwazi namba ya kiwango, kama 802.3af au 802.3at. Tatu, kebo za alumini zilizopakwa shaba juu hupoteza umeme mwingi na hupata joto zaidi. Kwangua waya mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu wa shaba, usiitumie kwa PoE.

Mwonyeshe mwenye ghala hesabu hii kwenye karatasi kabla hujanunua chochote, maana ataielewa.

SWALI: Assalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni ya vyumba 18 hapa Mombasa. Simu za wageni, kompyuta ya mapokezi, printa ya risiti na kamera vyote vimo katika mtandao mmoja. Mgeni mmoja alinionyesha printa yetu ikitokea kwenye simu yake, nikaingiwa na hofu. Mwanangu amesikia kuna swichi za tabaka la pili na za tabaka la tatu. Tununue ipi? (Mama mwenye nyumba ya wageni, Mombasa)

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Hofu yako ina msingi. Mgeni anayeiona printa anaweza pia kuifikia kompyuta yenye hesabu zako na majina ya wageni wako, na hao wamekukabidhi taarifa zao kwa uaminifu.

Unachohitaji ni swichi ya tabaka la pili, yaani inayofuata anwani za MAC peke yake, inayopangika kwa kupitia ukurasa wa kivinjari, ambayo wauzaji wengi huiita swichi erevu. Iko katikati ya ile isiyo na usimamizi, ambayo huchomekwa na kuachwa ifanye kazi, na ile yenye usimamizi kamili, ambayo mhandisi huiendesha kwa kuandika amri na kuifuatilia kutoka mbali. Kazi utakayoipa ni moja: kuugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, kila mmoja ukiitwa VLAN. Kiwango kinachotawala jambo hili, 802.1Q cha mwaka 1998, huongeza baiti 4 ndani ya fremu zikiwa na namba ya VLAN, kuanzia 1 hadi 4094. Fundi wako anaweza kuipa mapokezi namba 10, wageni namba 20 na kamera namba 30. Poti ya printa itawekwa kwenye 10 peke yake. Poti inayokwenda kwenye ruta, na zile zinazokwenda kwenye vifaa vya Wi-Fi, zitabeba namba zote zinazohitajika, na kifaa cha Wi-Fi kitarusha majina mawili, la wageni likifungwa kwenye 20 na la wafanyakazi kwenye 10. Muulize fundi mapema kama ruta na vifaa vyako vya Wi-Fi vinaelewa VLAN, kwa sababu swichi peke yake haitaimaliza kazi.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoishia njiani. VLAN zikishatenganishwa kwenye swichi, zote hukutana tena kwenye ruta, na ruta nyingi huruhusu data ivuke kutoka mtandao mmoja hadi mwingine mpaka ziwekewe kanuni ya kuzuia. Usimlipe fundi mpaka ajaribu mbele yako: aunganishe simu kwenye Wi-Fi ya wageni, aandike anwani ya printa kwenye kivinjari, na ukurasa ukatae kufunguka. Kisha ajaribu vivyo hivyo kwa kutumia tundu la mtandao lililo ukutani katika chumba cha mgeni, ikiwa vyumba vyako vina matundu hayo. Mwambie pia awashe katika vifaa vya Wi-Fi kinga inayozuia simu za wageni zisionane zenyewe kwa zenyewe.

Swichi ya tabaka la tatu husoma anwani za IP, yaani namba zinazoonyesha kifaa kiko mtandao upi, na kuvusha data kati ya mitandao yenyewe, kwa kasi kubwa, bila kuipitisha kwenye ruta. Chuo kikuu au hospitali kubwa yenye idara nyingi zinazosomeana data siku nzima hufaidika nayo sana. Wewe unataka mitandao yako isivukiane, kwa hiyo hakuna sababu ya kugharimia njia ya haraka ya kuivusha.

Swichi inayopangika inahitaji mtu wa kuibeba dhamana yake. Neno la siri lililotoka nalo kiwandani libadilishwe siku ileile ya kufungwa, na jipya liandikwe na kuhifadhiwa na wewe mwenyewe pamoja na hati zako, kwa kuwa fundi anaweza kuhama mji. Mkumbushe pia kuhifadhi mipangilio ndani ya swichi baada ya kumaliza. Katika swichi nyingi mabadiliko hufanya kazi mara moja lakini hayadumu mpaka mtu abonyeze sehemu ya kuhifadhi. Umeme ukikatika usiku, swichi huwaka ikiwa imesahau kila kitu, na wageni wako watarudi kuiona printa bila wewe kujua.

SWALI: Ninaendesha duka la stesheneri, Temeke. Nimepewa bei nzuri ya swichi kubwa iliyotumika, yenye poti 48 na jina la kampuni maarufu. Nina kompyuta sita tu. Nichukue? (Mfanyabiashara, Temeke)

JIBU: Hapana. Swichi za ofisi za miaka iliyopita mara nyingi zina poti 48 za megabiti 100 na poti chache tu za gigabiti, feni zake hupiga kelele isiyovumilika ndani ya chumba kidogo, na hula umeme mwingi mwaka mzima. Zaidi ya hayo, mtengenezaji akishaacha kutoa masasisho ya programu yake, kasoro za usalama zitakazogunduliwa baadaye hazitazibwa. Swichi mpya ya gigabiti yenye poti 8, isiyo na feni wala usimamizi, inatosha kompyuta zako sita, printa moja na ruta.

SWALI: Mhandisi, ninasimamia zahanati hapa Kisii. Swichi yetu ina matundu mawili ya mraba upande wa kulia ambayo hayajawahi kutumika. Tunataka kuunganisha jengo jipya la maabara, lililo umbali wa mita 180. Radi imeshaunguza vifaa vyetu zaidi ya mara moja. Je, matundu hayo yanaweza kutusaidia? (Msimamizi wa zahanati, Kisii)

JIBU: Yanaweza, na kwa hali mliyoieleza ndiyo njia bora. Matundu hayo huitwa SFP, nayo hupokea kipande kidogo kinachobadilisha umeme kuwa mwanga unaosafiri ndani ya faiba, yaani uzi mwembamba wa kioo. Kebo ya shaba haifai kwenu kwa sababu mbili: kiwango chake kinaishia mita 100, na hata ingefika, ingekuwa waya mrefu wa kuukaribisha umeme wa radi kutoka jengo moja hadi jingine. Kioo hakipitishi umeme. Chagueni kebo ya faiba ya nje isiyo na chuma ndani yake. Ile yenye utepe wa chuma wa kuikinga na panya hulazimu chuma hicho kiunganishwe na ardhi ipasavyo, vinginevyo faida yake ya kuepuka radi hupungua. Kumbukeni kwamba faiba inalinda njia hiyo moja tu: nyaya za umeme wa jengo na za mlingoti wa intaneti zinahitaji kinga zake zenyewe.

Vipande vya pande zote mbili vilingane kwa kasi na kwa aina ya mwanga. Kipande cha SX hutumia mwanga wa nanomita 850 kwenye faiba yenye kiini kipana, na kwa faiba ya mikroni 50 hufika mita 550. Kipande cha LX hutumia nanomita 1310, na kwenye faiba yenye kiini chembamba hufika kilomita kadhaa. Kwa mita 180 vyote viwili vinafaa, lakini sisi tungeweka LX pamoja na faiba ya kiini chembamba, kwa kuwa faiba hiyo itaweza kubeba kasi kubwa zaidi hapo baadaye bila kuchimbwa upya. Msinunue vipande vya gigabiti 10 kabla ya kusoma kitabu cha swichi, maana tundu la SFP la kawaida hubeba gigabiti moja. Swichi ya upande wa maabara nayo iwe na tundu la namna hiyo.

Mtazame na namba zilizoandikwa juu ya matundu hayo. Katika baadhi ya swichi, hasa za zamani, tundu la faiba na poti mojawapo ya shaba hugawana namba moja, na kimoja kikitumika kingine hufa. Ikiwa zenu ni za namna hiyo, hamishieni kwanza kwenye poti nyingine kompyuta zilizochomekwa hapo, ndipo fundi aichomeke faiba.